Kisichoweza Kungoja

Katika mikutano yetu neno "kipaumbele" halikauki midomoni. Kamati ya michezo hudai kipaumbele, kwaya nayo hudai kipaumbele, na mweka hazina, akiisha kusoma hesabu ya faranga chache zilizobaki, huuliza kwa upole aanze na kipaumbele cha nani. Kila mmoja huamini kwamba jambo lake ndilo la kwanza, na mara nyingi huamini hivyo kwa sababu jambo hilo ni kubwa, au ni la zamani, au ni lake tu. Mimi maana ya neno hili sikufundishwa na kamusi wala na mkutano. Nilifundishwa na kazi ya mikono yangu, kwa kuwa mimi ni fundi wa mitambo ya mawasiliano, na ilifika siku nikatakiwa kukifanya kipaumbele kiwe kitu cha kushikika: kifaa kilichofungwa kabatini, chenye kanuni zilizoandikwa, ambazo kwazo maneno ya mtu hufika au hayafiki. Napenda leo tutafakari pamoja yale niliyoyaona katika kazi hiyo.

Kazi yenyewe ilifanyika katika hospitali moja ya mji wa Bukavu. Wanaoujua mji huo wanajua kwamba huko mahali tambarare ni pa kutafuta. Majengo ya hospitali hiyo yameshuka pamoja na mteremko wa kilima: chumba cha upasuaji kiko juu, wodi ya wazazi iko chini, na maabara inayotunza damu iko upande wa pili, baada ya ngazi ndefu ambazo mvua ikinyesha huteleza. Simu za mkononi za kawaida zilikuwapo mifukoni mwa wauguzi, lakini uniti huisha, na mawimbi ya mitambo ya nje yalipenya kwa shida katika vyumba vya chini vyenye kuta nene. Kwa sababu hiyo hospitali ilikuwa imejipatia simu zake za ndani zisizo na waya. Ni simu ndogo za kubeba mfukoni, zinazosema kwa kupitia mawimbi yaleyale ya Wi-Fi yanayotumiwa na kompyuta za ofisi, za maabara na za chumba cha picha za eksirei. Katika dari za majengo kulikuwa na vituo vya mawimbi, yaani visanduku vyeupe vinavyopokea na kurusha ishara za redio, na muuguzi aliweza kutembea kutoka jengo hadi jengo akiendelea kuzungumza.

Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa. Walioniita waliniita kwa sababu haikuwa hivyo. Mkuu wa wakunga, mama wa makamo ambaye sauti yake haikuhitaji simu ili isikike, alinieleza taabu yenyewe kwa maneno machache. "Fundi, mwanangu, simu hii inakula maneno. Nikiomba mifuko mitatu ya damu, wao husikia 'mifuko', kisha kimya. Nikitaja kundi la damu, huniuliza tena. Narudia mara ya pili, narudia mara ya tatu. Siku nyingine naiacha simu, namtuma mwanafunzi akimbie."

Ofisini nilikuta maoni mengine. Huko waliamini kwamba intaneti ya hospitali ilikuwa ndogo, na kwamba dawa ilikuwa kununua kubwa zaidi. Ni wazo linalomjia mtu upesi: kitu kikisongamana, panua njia. Lakini simu ya mkunga kwenda maabara haikutoka kabisa nje ya ua wa hospitali. Haikugusa intaneti. Ilipanda kwenye dari, ikapita katika waya za hospitali yenyewe, ikashuka tena kwenye dari nyingine. Hata kama wangenunua intaneti yote ya mji, maneno ya mkunga yangeendelea kuliwa. Tatizo halikuwa upana wa njia. Lilikuwa mpango wa wapitaji.

Ili mnielewe, tuangalie kwanza sauti ni kitu gani inapoingia katika mtandao. Kwa kipimo cha zamani kinachotumika bado duniani kote, sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, na vipimo hivyo hugeuzwa kuwa namba. Kisha namba hukatwa katika vipande vidogo, vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na milisekunde 20 za usemi, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kwa hiyo mtu anayezungumza hutuma pakiti 50 kwa sekunde, na kila pakiti hubeba baiti 160 tu za sauti. Ni mzigo mdogo mno. Picha moja ya eksirei yenye baiti milioni 10 ni sawa kwa ukubwa na sauti ya mtu mmoja akisema bila kunyamaza kwa zaidi ya dakika 20. Mbele ya picha hiyo, pakiti ya sauti ni kama punje ya mtama mbele ya gunia la mihogo.

Lakini punje hiyo ina jambo moja ambalo gunia halina: haiwezi kungoja. Picha ya eksirei ikichelewa sekunde mbili, itafika ikiwa picha ileile, na daktari ataisoma bila kugundua kitu. Tena kipande chake kikipotea njiani, kompyuta itakiomba upya na kukiweka mahali pake. Sauti haina nafasi hiyo. Chama cha kimataifa cha mawasiliano, ITU, hushauri kwamba sauti isitumie zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji, ili mazungumzo yaende kama ya watu waliokaa pamoja. Pakiti ikichelewa kupita kiasi, simu inayopokea haina la kufanya ila kuitupa, kwa kuwa zamu yake ya kusikika imekwisha pita. Kuiomba upya hakufai: silabi iliyofika baada ya neno kwisha si silabi tena. Ndiyo sababu mkunga alisema simu inakula maneno. Maneno yalikuwa yanafika, ila yalifika baada ya maana yake.

Hapa niliona jambo la kwanza la kutafakari. Tumezoea kumtanguliza mwenye mzigo mkubwa. Mtandao uliopangwa vizuri hautazami ukubwa wa mzigo, wala hauulizi mwenye mzigo ni nani. Huuliza swali moja tu: hiki kikichelewa, kitakuwa bado kile kile?

Sasa tuone kipaumbele kinavyotolewa hewani. Katika Wi-Fi, vifaa vyote vilivyo chini ya kituo kimoja hushiriki hewa moja, na kwa wakati mmoja anapaswa kusema mmoja tu. Wawili wakisema pamoja, ishara zao hugongana na hakuna anayesikika. Kwa hiyo kila kifaa husikiliza kwanza. Hewa ikiwa kimya, hungoja kitambo kifupi, kisha hupiga kura ndani yake: huchagua namba bila kupanga, huihesabu kurudi nyuma, na ikifika sifuri husema. Zamani kura hiyo ilikuwa moja kwa wote. Pakiti ya mkunga iliyobeba neno "tatu" na pakiti ya kompyuta iliyobeba kipande cha picha zilipiga kura sawasawa, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa na maelfu ya vipande vya kutuma, hewa ilijaa picha.

Watu walianza kulishughulikia jambo hilo mapema. Kampuni ya SpectraLink, ya mji wa Boulder katika jimbo la Colorado huko Marekani, ilibuni utaratibu wake ambao vituo vya mawimbi viliitambua pakiti ya sauti na kuiacha ipite bila kupiga kura. Baadaye ilionekana afadhali kuwe na utaratibu mmoja kwa watengenezaji wote. Mwaka 2004 muungano wa Wi-Fi Alliance ulianza kuthibitisha vifaa vinavyofuata mpango wa madaraja manne, na mwaka 2005 kanuni kamili iliidhinishwa kwa jina la IEEE 802.11e. Madaraja yenyewe ni haya: sauti, video, mambo ya kawaida, na mambo ya nyuma yasiyo na haraka. Kwa viwango vya kawaida vya kanuni hiyo, pakiti ya mambo ya kawaida huchagua kura yake kati ya 0 na 15, lakini pakiti ya sauti huchagua kati ya 0 na 3. Hivyo sauti haipigani na mtu, wala haimsukumi aliye katikati ya usemi wake. Inachopewa ni kungoja kufupi zaidi.

Nilipofika, vituo vya hospitali vilikuwa na uwezo huo, lakini ulikuwa umezimwa. Kwa siku kadhaa nilitembea ngazi zile nikiwa na kompyuta mgongoni, nikipima nguvu ya mawimbi katika kila chumba. Niliyagawa masafa ili vituo vinavyopakana visisemeane juu: katika masafa ya gigahezi 2.4, njia ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11 tu, nikazipanga kwa zamu kama rangi za kitambaa. Kisha nilifunga kabatini kile kifaa walichokuwa wamepewa, kidhibiti cha vituo, ambacho kazi yake ni kuviongoza vituo vyote kwa kanuni moja. Nikawasha madaraja manne. Nikajaribu. Katika jengo moja simu zilisikika safi kama mtu amekaa kando yako. Kutoka wodi ya wazazi kwenda maabara, maneno yaliliwa kama zamani.

Kilichofuata kilinifundisha jambo la pili. Hewani pakiti hujulikana kwa daraja lake, lakini ikiingia katika waya huhitaji alama iliyoandikwa juu yake, kama bahasha iliyopigwa mhuri wa haraka. Tangu mwaka 1998 kuna nafasi ya biti sita katika kichwa cha kila pakiti kwa ajili ya alama hiyo, nafasi inayotosha namba 64, na kwa desturi sauti hupewa namba 46. Nilikamata pakiti zikitoka katika simu ya mkunga na kuzisoma: 46. Nilikwenda maabara nikazikamata zikifika: 0. Mahali fulani njiani mtu aliufuta mhuri.

Hakuwa mtu. Ilikuwa swichi moja iliyofungwa katika chumba cha stoo, kati ya wodi na maabara, ambayo ilikuja kutoka kiwandani na mpango wa kutoamini alama za wengine. Kila pakiti iliyopita hapo ilifutiwa cheo chake na kurudishwa miongoni mwa zote. Swichi hiyo haikuwa mbovu, na tahadhari yake ina sababu, kwa kuwa yeyote anaweza kujiandikia 46. Lakini kwa kuwa haikuambiwa ni nani wa kuaminiwa, haikumwamini yeyote, na kazi yote iliyofanywa kabla yake na baada yake ikawa bure. Niliiagiza iheshimu alama zinazotoka katika vituo vya mawimbi na seva ya simu, na izifute zinazotoka kwingine kote. Agizo lenyewe lilikuwa mistari michache. Nilipopima tena, 46 iliondoka na 46 ikafika.

Vijana wapendwa, kumpa mtu nafasi ya mbele si tendo la mlango mmoja. Mlinzi wa lango anaweza kumpisha mama mwenye uchungu, lakini karani wa dirishani akimrudisha nyuma ya mstari, hakupishwa. Anayetaka kujua kama mahali fulani wanawajali wasioweza kungoja, asiulize sheria iliyobandikwa ukutani. Na afuatane na mmoja wao kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho, aone ni wapi alama yake inafutwa.

Habari kwamba simu zimepata njia ya mbele ilienea upesi. Siku chache baadaye niliitwa kwa mkurugenzi. Alikuwa mtu wa adabu na mchapa kazi, aliyezeeka katika kuitafutia hospitali ile fedha. Alinipa kiti, akasema, "Fundi, nimesikia umeziwekea simu foleni yao ya mbele. Ni jambo jema. Naomba na kompyuta yangu uiweke humo. Ripoti za wafadhili hutoka katika kompyuta hiyo. Bila ripoti hakuna mishahara, na bila mishahara hakuna mkunga wa kupiga simu."

Naomba mtambue kwamba maneno yake hayakuwa ya kijinga wala ya kiburi. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilimjibu, "Bwana Mkurugenzi, ripoti yako ni ya thamani kuliko simu nyingi zinazopigwa humu. Lakini ikichelewa nusu sekunde, itafika ikiwa ripoti ileile. Neno la mama mkunga likichelewa nusu sekunde, halipo tena."

"Ni kompyuta moja tu," akasema.

"Ni moja leo, Bwana Mkurugenzi. Mhasibu atauliza kwa nini yako na si yake. Mfamasia naye ana sababu. Daktari mkuu naye ana sababu nzuri kuliko zote."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namkatalia. Swali hilo lilikuwa zito kwangu. Nilikuwa nimelipwa nusu ya ujira, na nusu nyingine ilingoja sahihi yake. Nyumbani kulikuwa na ada za shule. Nilimwomba ruhusa ya kumwonyesha badala ya kumjibu, naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alikubali.

Jumapili alasiri tulikwenda katika ukumbi wa mafunzo, ambao ulikuwa na kituo chake cha mawimbi kisichohudumia wodi yoyote. Nilipanga kompyuta 12 na simu mbili, zote chini ya kituo hicho. Kwanza niliziacha kompyuta katika daraja la kawaida, zikituma faili kubwa kwa wakati mmoja, naye akazungumza na katibu wake kwa simu kutoka pembe moja ya ukumbi hadi nyingine. Alisikia kila neno. Kisha nikazipandisha kompyuta zote katika daraja la sauti. Sasa vifaa 14 vilikuwa vikichagua kura kati ya 0 na 3. Fikirini wenyewe: watu 14 na namba nne. Wengi walitoa namba moja, wakasema pamoja, wakagongana, wakarudia, wakagongana tena. Simu iliyokuwa mkononi mwake ikaanza kukatakata. Na jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba kompyuta zenyewe nazo zilikwenda polepole kuliko mwanzo. Kila mmoja alipopata nafasi ya mbele, hakuna aliyefika mbele.

Aliiweka simu mezani. "Zitoe," akasema. Wiki mbili baadaye alitia sahihi. Mwaka uliofuata kazi ya matunzo alipewa fundi mwingine. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza.

Baada ya hapo kulibaki uamuzi mmoja, nao ulikuwa mgumu kuliko ule wa mkurugenzi, kwa sababu safari hii wa kukataliwa walikuwa wenye haki. Hata sauti zenyewe, zikizidi katika kituo kimoja, huharibiana. Kila mazungumzo ni ya pande mbili, pakiti 100 kwa sekunde hewani, na hewa ya kituo kimoja ina mwisho. Akiongezeka mmoja kupita kiasi, hataharibikiwa yeye peke yake. Wote waliokuwa wakisikika vizuri wataanza kukatika. Kwa hiyo kidhibiti lazima kiambiwe idadi: mazungumzo mangapi kwa kila kituo, na anayezidi apewe mlio wa kuwa simu zimejaa.

Hesabu za namna hii zina babu yake. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1878, alifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1909 alichapisha maandishi yake ya kwanza juu ya simu na bahati nasibu. Alitaka kujua ni njia ngapi zinazotosha watu wa mahali fulani, ili wachache tu wakute zimejaa. Hakuahidi kwamba hakuna atakayekataliwa. Aliuliza ni wangapi, na mara ngapi, nasi hadi leo hupima wingi wa simu kwa kipimo chenye jina lake.

Nilikaa na mama mkunga na wakuu wa maabara na upasuaji, tukahesabu simu za saa zenye pilikapilika. Tuliweka mazungumzo 8 kwa kila kituo. Kisha nikawaeleza kwamba kati ya nafasi hizo 8, mbili zisitolewe kwa anayeanza kupiga, bali zitunzwe kwa ajili ya anayekuja akitembea. Maana muuguzi anayezungumza huku akipanda ngazi hutoka katika eneo la kituo kimoja na kuingia la kingine, na akikuta pamejaa, mazungumzo yake hukatika katikati ya sentensi. Mkuu wa maabara aliona ni hasara kuacha nafasi mbili wazi wakati mtu yuko mlangoni anataka kupiga. Mama mkunga ndiye aliyemjibu: "Anayetaka kuanza anaweza kujaribu tena baada ya dakika moja. Yule wa ngazini amekwisha anza, na mgonjwa wake amekwisha anza." Hakuna kitabu cha ufundi kilichowahi kunieleza jambo hilo vizuri kuliko hivyo.

Msije mkadhani kwamba waliowekwa nyuma walidhulumiwa. Niliogopa jambo hilo, nikaenda chumba cha picha kuuliza kama kazi imekuwa nzito. Fundi wa picha alinitazama kwa mshangao. Hakujua kwamba kitu kimebadilika. Picha zake zilikuwa zikingoja vipande vya sekunde ambavyo jicho haliwezi kuvihesabu. Kunakili kumbukumbu za siku, kazi ya daraja la nyuma kabisa, kulifanyika usiku na kumalizika kabla ya mapambazuko kama kawaida. Kipaumbele cha kweli huwagharimu kidogo sana wanaoweza kungoja, na huwaokoa kabisa wasioweza. Kingewagharimu sana, ningekuwa nimempa nafasi asiyestahili, au nimewapa wengi mno. Kungoja si kudharauliwa, maadamu zamu yako ipo na inafika.

Miezi michache baadaye nilikutana na mama mkunga sokoni, akichagua samaki. Nilimwuliza habari za simu. Alinieleza kwamba usiku mmoja mzazi alitokwa na damu nyingi, akapiga simu maabara huku mkono mwingine ukiwa kazini. Nilitaka kujua sauti ilikuwaje. Hakuzungumza juu ya sauti. Alisema tu, "Nilisema mara moja." Kisha akageukia samaki wake, nami nikajua kwamba ujira wangu umelipwa wote.

Vijana wapendwa, huenda wengi wenu hamtashika kamwe kidhibiti cha vituo wala kusoma namba 46 juu ya pakiti. Lakini kila mmoja wenu hugawa kitu fulani: zamu ya kusema katika mkutano, fedha za kikundi, saa za siku yake, kiti katika gari. Mnapogawa, jiulizeni maswali ambayo kazi hii iliniuliza. Ni nani hapa ambaye haja yake ikichelewa haitakuwa tena haja, ila majuto? Alama tuliyompa inaheshimiwa hadi mlango wa mwisho, au kuna swichi katika stoo inayoifuta? Je, tumewapa wengi mno nafasi ya mbele kwa sababu tuliona aibu kumkatalia mkubwa mmoja? Na tumemwachia nafasi yule anayekuja akitembea, mwenye jambo lililokwisha kuanza?

Katika kila kikundi kuna mwenye mzigo mkubwa na sauti kubwa, ambaye hatapotea hata akingoja hadi jioni. Na kuna mmoja wa pembeni, mwenye neno dogo la milisekunde 20, ambaye asiposikika sasa atanyamaza. Mkutano wenu ujao, kabla ya kusoma ajenda, mtazameni huyo kwanza.